Flamboyán Inapumzika

Uzio ulisimamishwa asubuhi, na kufikia jioni ulikuwa umeshapakwa rangi. Ndivyo wanavyofanya huku kwetu. Bustani, hii bustani kubwa ya michezo na starehe ya Florida, haipendi kidonda kionekane. Kitu kikifa kinazungushiwa mbao ndefu kuliko mtu, mbao zinachorwa ndege na minazi na watoto wanaocheka, na juu kabisa yanaandikwa maneno kwamba utamu uko njiani. Mgeni anapita, anapiga picha mbele ya maiti, anaendelea na likizo yake.

Nyuma ya uzio huo ilikuwa Flamboyán, na ndani ya Flamboyán yalikuwa maisha ya Awilda Maldonado.

Kisiwa cha Taa si kisiwa, na sisi tunaoishi Kissimmee hatujawahi kudanganyika. Ni mtaa wa kula na kustarehe kando ya ziwa lililochimbwa kwa mashine, karibu na lango la Bustani, na zamani ulikuwa mahali pa watu wazima. Watoto wakishalala hotelini, baba na mama walivaa viatu vizuri wakaja kucheza. Palikuwa na nyumba ya jazi, baa ya ramu, ukumbi wa wachekeshaji, na palikuwa na Flamboyán, mkahawa uliopika mofongo, ndizi za kupondwa na kitunguu saumu, na kupiga salsa mpaka glasi zikatembea mezani. Kisha wakubwa wakakaa kikao. Wakagundua kwamba mgeni wa siku hizi anakuja na kigari cha mtoto, na mwenye kigari hachezi salsa. Anakula mapema, analipa, anakwenda kulala. Nyumba ya jazi ikawa duka la peremende. Baa ya ramu ikawa aiskrimu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, nami naongeza kwamba kidonda cha hapa kinanyunyiziwa sukari kabla ya kuuzwa.

Awilda alifika Florida akiwa msichana, kutoka Yauco, milima ya kahawa ya Puerto Rico, nyuma ya shangazi aliyekuwa akitandika vitanda vya hoteli. Naye akatandika vitanda. Mgongo ulipoanza kulalamika alikwenda kuomba kazi ya kubeba sahani Flamboyán, na siku ya kwanza kabisa mpiga konga, zile ngoma ndefu za mkono, alishuka jukwaani, akasimama mbele yake na kuinama kusoma beji yake. Wafanyakazi wa Bustani wote huvaa beji, jina juu, mji wa nyumbani chini.

"Yauco," alisema yule mtu kwa sauti ya kusikika na meza zote. "Nilimjua msichana mmoja wa Yauco. Alinivunja moyo vipande vipande."

"Basi hukumshika vizuri," Awilda alimjibu, akiwa na sahani mikono yote miwili.

Wageni walicheka, na mpiga konga akacheka kuliko wao. Jina lake lilikuwa Norberto Ayala, Berto kwa kifupi, mtu wa Loíza, Puerto Rico hukohuko, ambako hata mtoto mchanga analia kwa mdundo. Kabla mwaka haujageuka walikuwa wameoana kanisani, na bendi nzima ikaja na maleba ya kazini kwa sababu hapakuwa na muda wa kubadilisha.

Lakini Bustani ina sheria zake, na hii moja iliwaingia hawa wawili mpaka kwenye mifupa: mbele ya wageni hakuna mke wala mume. Mgeni amelipa kuona ndoto, hataki kuona watu wakinong'onezana habari za kodi ya nyumba na paka aliyeugua. Basi wakiwa ukumbini walikuwa hawajuani. Berto alishuka jukwaani na yale maneno yake ya Yauco kila siku ya kazi, Awilda akamjibu kama anayemwona mara ya kwanza, akamkubalia kucheza naye wimbo mmoja, kisha akaokota sinia lake akaenda zake. Wageni waliorudi mwaka hadi mwaka waliuliza kama yule mpiga ngoma alishafanikiwa kumpata yule mhudumu. Zamu ikiisha, Berto alikuwa akimngoja nyuma ya mlango wa wafanyakazi, amemshikia mkoba, na hapo ndipo alipomwita Awi. Wengine waliona ni maisha ya shida. Awilda aliniambia mwenyewe kwamba alitongozwa kila siku kwa miaka yote ile, ni mwanamke gani mwenye ndoa anaweza kusema hivyo?

Ugonjwa wa kusahau ulianzia kwenye nyimbo. Wimbo ulikwisha, bendi ikanyamaza, Berto akaendelea kupiga. Wenzake walimfunika, wakaingia tena nyuma yake kana kwamba walipanga. Walimfunika mpaka hakufunikika, ndipo akapewa keki na saa ya ukutani na kuambiwa akapumzike. Lakini meneja wa Flamboyán, mzee Hiram, alikuwa mtu mwenye utu. Alimruhusu Awilda kuja na mumewe mchana, kabla ya kufungua, na wakati yeye akipanga meza Berto alikaa kwenye konga zake katika ukumbi mtupu. Daktari angekuwa na la kusema, sijui. Ninachojua ni kwamba mtu ambaye asubuhi alivaa soksi mkononi, mchana alipiga konga bila kukosea hata kidogo, na akimaliza alijua yuko wapi na yule aliyekuwa akipanga uma ni nani. Hata usiku alilala vizuri.

Ndipo uzio ukaja. Kabla haujasimamishwa, wafanyakazi waliitwa kwenye chumba chenye viti vya plastiki na juisi ya bure, wakafundishwa la kusema. Hatusemi imefungwa. Hatusemi imekufa. Mgeni akiuliza tunatabasamu na kusema: inapumzika, itarudi ikiwa nzuri zaidi. Awilda aliyasema maneno hayo mpaka ulimi ukayajua peke yake. Kwa hiyo siku Berto alipomuuliza nyumbani, chai ikiwa mkononi, mbona leo hatuendi kazini, ulimi haukumngoja.

"Inapumzika," alimwambia. "Itarudi ikiwa nzuri zaidi."

Kosa hilo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote duniani ila mfanyakazi wa Bustani. Maana Berto naye alikuwa mfanyakazi wa Bustani, na anachokijua mtu wa hapa ni kwamba ukumbi ukipumzika, wewe unakaa tayari. Unatunza maleba yako. Watakuita. Tangu siku hiyo, kila mchana, aliuliza kama wameshamaliza kupaka rangi, akaomba shati lake jeupe la kazi, lile la mikunjo kifuani. Na Awilda, badala ya kumwambia ukweli, alitandaza shati mezani akalipiga pasi. Alijiambia kesho atamwambia. Ile kesho haikuwahi kufika, na shati likawa linapigwa pasi kila siku kwa ajili ya kazi ambayo haikuwepo tena.

Uzio ulipobomolewa, lilitoka Banda la Mjomba Dell. Huyo Mjomba Dell ni mpishi wa kwenye televisheni, mwenye masharubu, ambaye sijasikia mtu aliyemwona akishika kuku kwa mkono wake. Kuku wa kukaanga, viazi, maziwa ya barafu, na kabla taa za mtaa hazijawaka vizuri wanafunga. Meza ni mapipa ya mbao yaliyofunikwa ubao. Pale lilipokuwa jukwaa wakaweka kuku wa plasta mkubwa kama lori, watoto wapande wapigwe picha. Na mhudumu akipeleka sahani mezani, ni sharti awike. Ndiyo, awike, kokoriko, na mikono aipige mbavuni.

Awilda, aliyekuwa anakaribia sitini, alikwenda kuwika. Walipangwa mstari, vijana tupu na yeye, na mmoja mmoja wakasimama mbele ya meneja mpya, mwanamke kijana aitwaye Kaylin, wakafanya kuku. Aliwika vizuri, alikulia Yauco, jogoo anamjua. Kaylin alicheka mpaka akapangusa macho, akamchukua kwa miezi ya majaribio.

Msije mkadhani alifanya hivyo kwa kupenda kuku. Kazi ile ndiyo iliyobeba bima, na bima ndiyo iliyobeba Berto: dawa zake, daktari wake, na nyumba ya kutwa alikokaa asubuhi akifanyiwa mazoezi na kuoshwa na watu wenye subira. Mwanamke wa ustawi wa jamii alishamweleza Awilda waziwazi, kwamba bima ikikatika, mtu wa hali ile hawezi kuachwa nyumbani peke yake mke akihangaika kutafuta kazi. Atapelekwa kwenye nyumba ya serikali, kaskazini huko, mwendo wa nusu siku, ambako hakuna hata mfagizi anayejua Kihispania. Na Berto Kiingereza kilishamtoka. Kilikuwa cha mwisho kuingia, kikawa cha kwanza kutoka. Awilda alijua kwamba kazi ikipotea, Berto amepotea, na alikwenda na maneno hayo kifuani kila alipopanda basi.

Kaylin alipomuuliza kama ana jambo lolote nyumbani linaloweza kumzuia kazini, alisema hana. Mume? Yupo, mzima, mpiga ngoma mstaafu. Mficha maradhi kilio humfichua, na Awilda methali hiyo hakuihitaji kuambiwa, kwa kuwa hata Yauco wana yao inayosema vilevile. Lakini alikuwa amewaona wenzake wawili, wenye watoto wagonjwa, wakipunguziwa zamu mpaka hakuna zamu. Na ilikuwepo sheria mpya, iliyosomwa kwao wote siku ya kwanza: mlango wa nyuma ni wa wafanyakazi tu. Mtu yeyote akionekana amemwingiza ndugu yake kwa mlango huo, siku hiyohiyo anaondoka.

Zamu yake ilikuwa ya mchana mpaka jioni. Berto akirudi kutoka nyumba ya kutwa alikaa kwa jirani, Mirlande, mama wa Kihaiti mwenye moyo mpana na sauti pana kuliko moyo. Mirlande alimweka kibarazani, akampa sufuria kubwa la kutengeneza mdundo, na kumtania kwamba mpiga ngoma wa Kihaiti angeshalitoboa. Mambo yalikwenda. Yalikwenda kwa kuchechemea, lakini yalikwenda, na majaribio yalikuwa yamebakiza siku chache kwisha.

Siku yenyewe wingu la mvua ya mchana lilitanda kwa ghafla, kama ilivyo kawaida yake Julai. Mirlande alikimbia uani kuanua nguo. Aliporudi kibaraza kilikuwa kitupu, sufuria limefunikwa vizuri, na shati jeupe lililokuwa limening'inizwa mlangoni halipo.

Berto alijua njia. Jina la rais hakulijua, wala mwaka, lakini basi la wafanyakazi alilijua. Alipanda kituo kilekile alichopanda nusu ya maisha yake, beji yake ya zamani kifuani, shati limenyooka kama karatasi. Dereva aliona beji na mzee nadhifu, akamsalimu. Walinzi wa lango waliona watu wanashuka pamoja, naye kati yao. Alipita njia ya nyuma, akafuta viatu kwenye zulia la mlangoni, akapita jikoni. Wapishi walikuwa wapya wote. Walidhani ni mtu wa matangazo. Akasukuma ule mlango wa bembea akaingia ukumbini.

Awilda alikuwa amebeba sinia la kuku la meza ya familia iliyokuwa na mapacha. Alimwona akitokea. Aliniambia kwamba kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa shati: lilivyopigwa pasi vizuri, na kwamba aliyelipiga pasi ni yeye.

Berto alisimama akiangalia. Alitazama kuku wa plasta mahali palipokuwa jukwaa lake. Alitazama mapipa. Uso wake haukuonyesha hofu. Alikuwa kama fundi aliyefika akakuta wenzake wamehamisha vifaa. Akasogea kwenye pipa lisilo na mtu, akaondoa ule ubao wa juu akauweka chini kwa adabu, akagonga kingo na vidole, kusikiliza. Kisha akaanza kupiga.

Sitawaeleza upigaji ule. Pipa ni pipa. Lakini ukumbi mzima uligeuka, viazi vikabaki hewani, na mtoto mmoja wa wale mapacha akaanza kuruka kwenye kiti. Watu walitoa simu wakarekodi. Bibi mmoja wa makamo, mwenye kofia ya masikio ya Bustani, alisimama akacheza alipokuwa. Kwa muda mfupi Flamboyán ilirudi, na Awilda, Mungu amsamehe, alifurahi.

Kaylin alitoka ofisini akitabasamu, kwa sababu wageni walikuwa wakitazama. Tabasamu la hapa halina uhusiano na moyo. Alikuja moja kwa moja kwa Awilda, akamshika kiwiko kirafiki.

"Huyu bwana unamjua?" aliuliza. "Mmoja wa jikoni anasema ameingia kwa mlango wa nyuma."

Sinia lilikuwa zito. Awilda alifikiria nyumba ile ya kaskazini, na Berto kitandani humo akiomba maji kwa lugha ambayo hakuna anayeisikia. Alifikiria siku chache zilizobaki. Alikuwa na hesabu yake, na katika hesabu hiyo neno moja lilitosha.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Berto alikuwa amemaliza. Makofi yalipigwa. Aliinama kwa wageni kulia na kushoto kama alivyofundishwa, kisha akamwona. Akaja akipita katikati ya mapipa, mpaka mbele yake kabisa, akainama akasoma beji.

"Yauco," alisema kwa sauti ya kusikika na meza zote. "Nilimjua msichana mmoja wa Yauco. Alinivunja moyo vipande vipande."

Wageni hawakujua Kihispania wote, lakini mkono wa mtu ukiwa kifuani hauhitaji mkalimani. Walicheka. Wakamgeukia Awilda, wakingoja ajibu, na simu zote zikamgeukia. Kaylin alikuwa bado amemshika kiwiko.

Hakuweza. Midomo ilifunguka na lile jibu, lile alilolitoa akiwa msichana mwenye sahani mikononi, halikutoka.

Mlinzi alikuwa ameshafika, kijana mpole, akamwambia mzee kwa ishara aje naye nyuma kidogo. Berto alikubali bila ugomvi. Lakini alipompita Awilda aliinamisha kichwa karibu na sikio lake, akanong'ona.

"Umefanya vizuri, Awi. Wasijue. Nitakungoja nyuma ya mlango."

Akaenda, mgongo umenyooka, mlinzi akimshika mkono.

Alikuwa ameelewa. Maneno ya Kiingereza hakuyahitaji; alimwona mkewe akimkana, akaona ni ile sheria ya ukumbini, na akamsifu kwa kuishika. Kama angelia, kama angeuliza kwa nini, pengine Awilda angevumilia. Meza ya mapacha ilikuwa inangoja kuku. Alikwenda, akaweka sahani ya kwanza, akapiga mikono mbavuni kama inavyotakiwa, akafungua kinywa awike, na kilichotoka kilikuwa kilio. Kilio cha msiba, cha milimani Yauco, kile ambacho wanawake wanakitoa jeneza likiinuliwa. Mapacha waliduwaa. Mama yao akasema taratibu, "Mungu wangu."

Awilda alitua sinia juu ya pipa lao akakimbia.

Nyuma ya mlango ule hakuna muziki. Kuna ukuta wa kijivu na taa nyeupe na harufu ya mafuta ya kukaangia. Berto alikuwa amesimama hapo na mlinzi, akitafuta kitu begani mwake, mkoba ambao alidhani ameushika. Kaylin alitokea nyuma ya Awilda, tabasamu limeshaachwa upande wa wageni.

"Ni mume wangu," Awilda alisema. "Ni mgonjwa. Anasahau. Sikumwingiza mimi, amekuja mwenyewe, hii ilikuwa kazi yake."

"Ungeniambia tangu mwanzo."

"Ningekwambia, ungenichukua?"

Nitamtendea haki Kaylin: alikuwa na aibu, na hakujaribu kuificha. Alisema polepole kwamba amemuuliza mbele ya watu akasema hamjui, na simu zote zile zimerekodi, na walioko juu yake watamuuliza. Alisema angekuwa yeye mwenye uamuzi, mambo yangekuwa mengine. Wote huwa wanasema hivyo. Kisha akanyoosha mkono, na Awilda akaifungua beji kifuani mwake, Yauco na vyote, akamwekea kiganjani.

Mlinzi aliwasindikiza mpaka kituo cha basi la wafanyakazi. Mvua ilikuwa imekwisha na jua limerudi na mvuke wake, lami inatoa moshi. Walikaa kwenye benchi lililolowa. Mirlande alipiga simu akilia, akiomba radhi kwa watakatifu wote wa Haiti, na Awilda akamwambia amempata, asilie, kosa si lake. Baada ya hapo alibaki na simu mapajani. Alikuwa anafikiria nani wa kumpigia na hakukuwa na yeyote. Wa kuamua alikuwa mwanamke wa ustawi wa jamii, na huyo angepiga mwenyewe, mapema tu.

Berto alikuwa anatazama ng'ambo ya ziwa, zinakoonekana nguzo za taa.

"Watafungua lini?" aliuliza.

Na Awilda, ambaye alikuwa amechoka kusema uongo hata kwa nia njema, alimwambia.

"Hawatafungua. Flamboyán imekufa, Berto. Imekufa siku nyingi. Wameweka kuku."

Alingoja. Alijua anaweza kukasirika, au kulia, au kuinuka akaanza kutembea. Berto alimgeukia, akamtazama usoni kwa huruma, akamwekea mkono juu ya mkono wake kama mtu anayempa pole mfiwa asiyemfahamu sana.

"Pole, mama," alisema. Alimwita mama, hakumwita Awi. "Pole sana. Ulifanya kazi pale muda mrefu?"

"Mrefu," Awilda alisema.

"Na una mume?"

"Ninaye."

"Ameshajua?"

Awilda alitikisa kichwa.

Berto alifikiri. Alikuwa mfanyakazi wa Bustani, mtu wa zamani, anayejua jinsi mambo haya yanavyosemwa kwa watu. Akamsogelea kidogo, ili dereva wa basi lililokuwa linakata kona asisikie.

"Usimwambie imekufa," alisema. "Atavunjika. Mwambie inapumzika."